Uzoefu wangu: kiropraktiki na mazoezi ya neva kwa farasi anayejikwaa na kukataa tandiko

Huduma ninayoieleza ina sehemu mbili: kwanza kulegeza viungo vya mgongo kwa mikono, yaani kiropraktiki, halafu mazoezi ya wiki kadhaa ya kumfundisha farasi upya kuhisi miguu yake iko wapi. Farasi ni dume aliyehasiwa, wa kupanda. Alikuwa na matatizo matatu. Aliburuza ncha za kwato za nyuma, alilaza masikio na kutaka kuuma kila mkanda wa tumbo ulipokazwa, na akiingia shoti, yaani mbio, upande wa kushoto alirusha mateke. Kwa tathmini yangu, mazoezi yamefanya kazi kubwa kuliko mikono, na uchunguzi wa mwanzo ndio uliostahili malipo kuliko vyote.

Uchunguzi huo ndio huduma nyingi za namna hii huuruka. Mtaalamu niliyemwita hakugusa mgongo mpaka daktari wa mifugo alipomaliza kupima neva. Farasi anayejikwaa huenda ana mgongo mkakamavu tu, lakini huenda pia uti wake wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani) umebanwa na pingili, yaani mifupa, za shingo, au ana virusi vya herpes aina ya EHV-1, au, kwa waliowahi kuishi bara la Amerika, vimelea vya Sarcocystis neurona. Shingo ya farasi wa namna hiyo ukiisukuma kwa ghafla unaweza kumwangusha hapo hapo, na anaweza kukuangukia.

Vipimo vyenyewe havihitaji mashine. Farasi huzungushwa kwenye duara finyu, pande zote mbili. Mwenye kasoro ya neva huutupa mguu wa nyuma wa nje mbali na mwili, au mguu wa ndani hubaki umekita chini huku mwili ukizunguka juu yake. Anarudishwa kinyumenyume. Anapandishwa na kuteremshwa mteremko kichwa kikiwa kimeinuliwa. Hapo miguu ya mbele ya mgonjwa huelea na kuchelewa kutua. Kisha mkia unavutwa upande akiwa anatembea. Farasi mzima hujivuta kurudi kwenye mstari, mgonjwa huyumba kila hatua. Mtaalamu akaurudia mvuto huo farasi akiwa amesimama, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Anayeyumba akitembea lakini akisimama anakaza, kwa kawaida kasoro yake iko kwenye njia ndefu za neva zinazoshuka kutoka ubongoni. Akiwa mlegevu katika hali zote mbili, shaka inahamia kwenye neva za kiunoni zenyewe au misuli.

Matokeo huandikwa kwa daraja la 0 hadi 5, ambapo 0 ni mzima na 5 ni farasi aliyelala asiyeweza kuinuka. Msimamo wa mtoa huduma huyu ni kwamba kuanzia daraja la 2 hagusi shingo hadi aone eksirei, nami namuunga mkono kabisa. Wetu alipata 0, yaani kuburuza kwato kulitokana na kiuno kigumu na misuli dhaifu, si uti wa mgongo.

Kwa upande wa tabia walitumia orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa, iliyoandaliwa na daktari wa farasi Sue Dyson na wenzake na kuchapishwa 2018. Farasi anarekodiwa kwa video akipandwa, kisha unahesabu: masikio nyuma kwa sekunde 5 au zaidi, kinywa wazi kwa sekunde 10 au zaidi, mkia unaopigwapigwa, na kadhalika. Zikifika 8 au kupindukia, kuna uwezekano mkubwa kwamba farasi ana maumivu ya viungo au misuli. Uzuri wake ni kwamba inamaliza ubishi wa "ni mkaidi tu". Ubaya ni kwamba haikwambii maumivu yako wapi. Farasi anayechukia mkanda wa tumbo anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, na kidonda hakisikii mkono wa mtu mgongoni. Ndiyo maana tumbo (kwa kamera), meno na tandiko vilikaguliwa kabla ya kikao cha kwanza.

Sasa mikono. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za kifua, 6 za kiuno na 5 za nyonga zilizoungana. Mtaalamu hupita kiungo kwa kiungo akitikisa kidogo kutafuta kile kisichocheza kama jirani zake, kisha hupiga msukumo mfupi sana na wa haraka kufuata mwelekeo wa kiungo. Hakuna pingili inayokuwa "imetoka mahali pake" ikarudishwa. Mnyama wa kilo 500 mwenye kano nene za mgongoni hapangwi upya kwa viganja viwili. Kinachobadilika ni mkazo wa misuli inayozunguka kiungo na taarifa ambazo neva za hapo zinapeleka kwenye uti wa mgongo. Anayekuambia nyonga ilikuwa imeteguka naye ameirudisha, muulize atakuonyesha kwenye picha gani.

Mambo madogo ndiyo yaliyonionyesha kwamba anaijua kazi. Anasimama juu ya sanduku pana lisiloyumba ili msukumo ushuke kutoka juu, badala ya kuusukuma mgongo pembeni. Farasi hakufungwa ukutani, alishikwa kwa kamba na mtu, kwa sababu aliyefungwa akishtuka atavuta nyuma na kuiumiza ile shingo unayoitibu. Hakuchomwa dawa ya usingizi, kwani misuli inayolinda kiungo ikilala hujui umefika kikomo lini. Hakukuwa na nyundo wala kuvuta miguu kwa kamba. Ukiviona hivyo, mchukue farasi wako uondoke. Eneo la pingili ya 13 hadi ya 18 ya kifua, chini ya tandiko, hakulisukuma kwanza; aliomba eksirei, maana hapo ndipo miiba ya pingili hugusana mara nyingi, na mifupa inayosuguana haitaki msukumo.

Farasi alipiga miayo, akalamba midomo, akashusha kichwa. Watu hufurahia sana dalili hizi, lakini si ushahidi wa tiba. Farasi hulamba midomo hata mkazo unapopungua baada ya hofu. Ushahidi ni mwendo wa siku zinazofuata. Baada ya kikao hapandwi kwa siku 2, anatembezwa tu kwa mkono dakika 15 hadi 20 kwenye ardhi tambarare.

Kazi halisi huanza hapo, na huianza mwenye farasi. Zoezi la kwanza ni la chambo: kipande kirefu cha karoti kinamwongoza farasi kupeleka kidevu kifuani, katikati ya magoti, katikati ya vifundo vya mbele, kisha pembeni kwenye mkanda wa tumbo, kwenye nyonga na kwenye kifundo cha nyuma. Kila mkao hurudiwa mara 5, siku 5 kwa wiki. Utafiti uliochapishwa 2011 uliopima misuli ya farasi kwa mashine ya mawimbi ya sauti (ultrasound) ulionyesha kwamba ratiba ya aina hiyo kwa miezi 3 ilikuza msuli wa multifidasi, ule mdogo wa ndani unaoshikilia pingili moja moja. Ndiyo maana siwaelewi wanaoacha baada ya wiki mbili wakisema hawaoni kitu.

Zoezi hili huharibika kwa njia zile zile. Farasi anapindisha kichwa, sikio moja likawa chini ya jingine, badala ya kukunja shingo. Mrudishe nyuma kidogo, umbali ulikuwa mkubwa mno. Anasogeza miguu kufuata karoti: msimamishe kando ya ukuta. Ananyakua na kurudi upesi: ikaze karoti mkononi aitafune akiwa bado kwenye mkao, ahesabiwe sekunde 5. Na usimvute kwa kamba. Msuli unajengeka kwa sababu anajikunja mwenyewe.

Fito za chini ndizo zilizobadilisha mwendo. Kwa farasi wa urefu wa kawaida, weka fito kila sentimita 80 hadi 90 kwa kutembea na sentimita 120 hadi 140 kwa mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, kisha rekebisha hadi kwato itue katikati ya nafasi. Farasi mfupi anahitaji pungufu. Anza na fito moja, fika tatu, halafu tano. Akishazoea, inua ncha moja ya kila fito kwa sentimita 10 hadi 15, kushoto na kulia kwa kupokezana, ili kila mguu upate zamu ya kupanda juu. Fito za mviringo zikiachwa bila kizuizi ni hatari, zinaviringika chini ya kwato. Akianza kugonga fito alizokuwa akizivuka vizuri, amechoka. Acha hapo, kwa sababu ukiendelea unamfundisha kujikwaa.

Pamoja na fito walitupa vikuku vyepesi vinavyoning'inia juu ya kwato za nyuma. Vinafanya mguu uinuke zaidi, lakini farasi huvizoea baada ya dakika chache tu, hivyo vinafaa kabla ya kupita fito, si kuvaliwa asubuhi hadi jioni. Mito ya sponji ambayo farasi husimama juu yake nimeiona ya ziada. Haina madhara, basi.

Kipimo changu cha kuburuza kwato ni mchanga uliosawazishwa kwa reki. Farasi anatembezwa mara moja, kisha unatazama mbele ya kila alama ya kwato ya nyuma. Mwanzoni kulikuwa na mfereji wenye urefu wa kiganja mbele ya kila alama, na wa kushoto ulikuwa mrefu zaidi. Baada ya vikao vya mikono peke yake mfereji ulipungua kidogo, siku chache ukarudi. Baada ya wiki za fito ulibaki mkwaruzo mfupi, pande zote sawa, na fundi wa kwato akaona ncha hazijalika kama zamani. Mateke ya shoti ya kushoto yalipungua kwa mwendo huo huo. Ila hasira ya mkanda haikuguswa na lolote kati ya haya. Iliisha mito ya tandiko, iliyokuwa ikibeba uzito mbele na nyuma huku katikati ikielea, ilipojazwa upya.

Kasoro zipo. Ripoti yao ilidai kwamba wameufungua ubongo na kufuta kumbukumbu ya maumivu. Hilo hakuna aliyelipima. Maelekezo ya fito yalitolewa kwa mdomo bila vipimo, ilibidi kuyadai kwa maandishi. Na walisukuma ratiba ya kudumu ya kila wiki mbili hata alama za orodha ya tabia ziliposhuka. Mimi ningeweka wiki 3 hadi 4 kati ya kikao cha kwanza na cha pili, kisha kuamua kwa video mpya na mchanga.

Nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za farasi aliyepimwa kwanza. Ukiwaita, andaa eneo tambarare lililo kavu, mteremko mfupi, mtu wa kushika kamba, mgongo uliosafishwa matope, na tandiko lake lenyewe lisibadilishwe. Usimpande kwa nguvu siku iliyotangulia, uchovu utaficha au utaleta dalili zisizo zake. Vikao vitatu vikipita bila mabadiliko ya kupimika, mrudishe kwa daktari wa mifugo badala ya kulipia cha nne.