Mafundi wa kurekebisha jinzi na mashati Karume: msaada kwa tulio kati ya saizi mbili

Mtu mwenye kiuno cha inchi 35 mara nyingi hana suruali yake dukani. Watengenezaji wengi wa jinzi hupanda inchi moja moja hadi 34, kisha huruka hadi 36, na kuanzia hapo huendelea kwa mbili mbili, kwa hiyo aliye katikati huachiwa achague kati ya suruali inayomkata tumbo kila anapoketi na ile inayokunjamana chini ya mkanda. Kwenye mashati hali ni ile ile: M inavuta vifungo kifuani, L inateremka mabegani. Tathmini hii inahusu huduma ambayo, kwa maoni yangu, imelitatua tatizo hilo kuliko duka lolote la nguo mpya nililowahi kuingia hapa Dar es Salaam. Ni huduma ya mafundi cherehani wa pembezoni mwa soko la mitumba la Mchikichini, Ilala, ambalo wengi wetu tunaliita Karume.

Kwanza nieleze kwa nini namba iliyoandikwa kwenye nguo haitoshi. Lebo ya W34 L32 inadai kwamba kiuno ni inchi 34, yaani takriban sentimita 86, na kwamba mshono wa ndani wa mguu, kutoka msambani hadi kwenye pindo, ni inchi 32. Ukiipima suruali yenyewe, mara nyingi utakuta kiuno ni 35 au hata 36, kwa sababu watengenezaji wengi hupenda kumpa mnunuzi namba ndogo ya kumfurahisha. Kinyume chake nacho hutokea. Kuna jinzi za Levi's 501 zilizouzwa zikiwa hazijawahi kufuliwa, za pamba tupu, ambazo zilikusudiwa kunywea baada ya kulowa, na suruali ya aina hiyo ikifika kwenye meza ya mitumba inaweza kuwa ndogo kuliko lebo yake. Kwa hiyo nenda na tepu. Funga kifungo, ilaze suruali juu ya meza, nyoosha ukanda wa kiuno ili mbele na nyuma zilingane, pima kutoka ncha hadi ncha kisha zidisha kwa mbili. Wauza nguo wa Karume wamezoea kuona watu wakipima, na hakuna anayekukasirikia.

Hapo ndipo mitumba inapomfaa zaidi mtu wa saizi za katikati. Nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imemaliza kunywea, hivyo kipimo unachokiona leo ndicho kitakachobaki, ilhali shati jipya la pamba linaweza kukutosha vizuri dukani na likaanza kukubana baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Zaidi ya hayo, kwenye meza moja utakuta suruali za mitindo na viwanda tofauti, kila moja ikiwa na kiuno, mapaja na miguu ya aina yake, na kadiri aina zinavyokuwa nyingi ndivyo uwezekano wa kuipata iliyo karibu na mwili wako unavyoongezeka.

Jambo kubwa nililofundishwa na fundi ninayempelekea nguo zangu ni kuchagua kwa kuangalia sehemu isiyorekebishika. Nilipomwonyesha suruali mbili na kumuuliza ipi ataiweza, alizigeuza ndani nje, akavuta mishono ya mapaja kwa vidole, kisha akaikataa na kunirudishia ile iliyonitosha kiunoni lakini inabana mapajani. “Kiuno nitakupunguzia, kaka,” alisema, “lakini mapaja yakishabana, mimi nitatoa kitambaa wapi?” Maelezo yake yana msingi. Jinzi nyingi hushonwa kwa mishono bapa ya nyuzi mbili, ambayo haiachi akiba ya kitambaa ndani, na kwa sababu hiyo kupanua ni kazi ngumu inayoacha kiraka kinachoonekana. Aliye kati ya 34 na 36 achukue 36 inayomkaa vizuri mapajani, makalioni na msambani, kisha kiuno kiachiwe fundi. Ikiwa kitambaa kina mpira kidogo ndani yake, kama asilimia moja au mbili ya elastini, ni vema kukijaribu kwa kuketi na kuinama kabla ya kuamua, kwa kuwa kitaachia baada ya saa chache za kuvaliwa na huenda ile ndogo ikatosha bila kuguswa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa. Fundi hufumua kwa wembe kitanzi cha mkanda kilicho katikati ya mgongo, kisha hufungua ukanda wa kiuno pande zote mbili za mshono wa katikati. Hutia chaki kwenye mshono wa nyuma kuanzia juu, mstari ukipungua taratibu hadi kupotea karibu na msamba, ili kiuno kipungue bila makalio kubanwa. Baada ya kushona mara ya kwanza kwa nyuzi ndefu za muda, hukutaka uvae na kuchuchumaa. Ukiridhika, ndipo anapokata ukanda, kuuunganisha, na kukirudisha kitanzi juu ya kiungo ili kikifunike. Fundi huyu huweka nyuzi za rangi ya dhahabu, za machungwa na za kahawia zilizofifia, na huzilinganisha na mshono wa zamani akiwa ameusogeza juani. Suruali niliyoivaa leo imepunguzwa inchi moja na nusu, na asiyejua hawezi kuona ilipoguswa.

Inchi mbili ndiyo mwisho wake, na ninamheshimu kwa kulisema hilo hata anapojua kwamba atakosa kazi. Ukipunguza zaidi ya hapo kwenye mshono wa katikati, mifuko ya nyuma husogeleana na suruali nzima hupoteza umbo. Wapo mafundi wa mitaani ambao hukwepa kufungua ukanda kabisa, wakapiga mikunjo miwili mgongoni na kuishona juu kwa juu. Kazi hiyo huisha haraka na bei yake ni nafuu, lakini huacha vinundu viwili vinavyochomoza chini ya shati na kuuma unapoegemea kiti. Ukimsikia fundi akisema atakumalizia ukiwa umesimama hapo hapo, muulize kwanza kama atafungua ukanda.

Kuhusu urefu wa mguu sina mengi, isipokuwa kwamba pindo la asili linaweza kuhifadhiwa: mguu hukatwa juu yake na pindo hilo hilo hurudishwa, likiwa na mchakao wake. Omba hivyo, na umwombe fundi agongegonge kwa nyundo ndogo mahali mishono inapokutana kabla ya kushona, maana pale kitambaa huwa na tabaka nyingi na sindano hukatika au kuruka.

Mashati yana kanuni ile ile, ila sehemu isiyoguswa ni bega. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka mkononi, kuurudisha kunataka mkono wa shati utolewe wote na kwapa likatwe upya, kazi ambayo kwa shati la kawaida la mitumba hailipi. Tafuta basi shati linalokutosha mabegani na kifuani, hata kama tumboni linapwaya, na fundi atalipunguza kwa mishono ya ubavuni kutoka kwapani hadi chini. Mwambie aache nafasi ya kutosha uinue mikono bila shati zima kupanda. Kwa shati la kuvaliwa nje ya suruali, mimi hupenda liishie katikati ya zipu, na kulikata hadi hapo ni kazi ndogo, ingawa pindo la mviringo hudai mkono mzuri zaidi kuliko lililonyooka.

Kwa kiuno cha jinzi nililipa shilingi 5,000, na kwa ubavu wa shati 3,000, bei ambazo naziona za haki kwa kazi ya namna hiyo. Mapungufu yapo. Mahali pa kujaribia ni pazia tu nyuma ya kibanda, na mwishoni mwa wiki foleni ya wateja humfanya fundi aahidi saa ambayo hawezi kuitimiza. Ninashauri uende asubuhi katikati ya wiki na uvae suruali nyepesi ambayo unaweza kuvalia jinzi juu yake. Cherehani ya kawaida pia haiwezi kuurudisha mshono wa mnyororo, yaani ule ambao uzi wake hufungamana vitanzi kama mnyororo, unaopatikana kwenye mapindo ya jinzi za zamani, kwa hiyo mwenye suruali ya thamani ya aina hiyo asikubali pindo lake likatwe, amwambie fundi alihifadhi.