Nimehama Sinza kwenda Kibada: Canter ya kampuni nyota 2, kirikuu ya mzee nyota 4 na nusu

Jumamosi iliyopita nimehama, kutoka Sinza gorofa ya tatu mpaka Kibada kule Kigamboni, na siku hiyohiyo moja nimetumia magari mawili tofauti, sa nimeona niandike kabla hasira hazijapoa, maana mi mwenyewe wiki mbili nzima nilikuwa nauliza watu gari gani nzuri ya kuhamia na kila mtu ananitumia namba ya shemeji yake.

Nianze na kampuni, jina silitaji. Niliwaona Insta, picha kali kwelikweli, Canter ya boksi nyeupe inang'aa, vijana wana tisheti za kufanana, wameandika tunafunga tunabeba tunapanga we kaa tu. Nikapiga, bei laki na themanini, advansi elfu 60, nikatuma. Tukakubaliana saa moja asubuhi. Saa moja kimya. Saa mbili "tupo njiani dada". Saa tatu "tupo hapa Shekilango", na mi Shekilango naiendea kwa mguu jamani. Wamefika saa nne na dakika ishirini, na sio ile ya boksi, ni Canter ya wazi, kwenye bodi kuna mchanga wa ujenzi na beleshi limelala pembeni, yaani jana yake ilikuwa saiti.

Nikauliza wale vijana wa tisheti wako wapi. "Dada, wabebaji ni juu ya mteja, mi nimepewa gari tu." Nikampigia aliyechukua advansi, akasema ah, ile bei ni ya gari, kubeba mnaelewana na dereva. Kosa langu nakubali, kila kitu tuliongea kwa simu, hakuna meseji hata moja ninayoweza kumwonyesha. Nyie mkikodi andikeni WhatsApp: gari ya aina gani, watu wangapi, gorofa ya ngapi, toll ya daraja la Kigamboni nani analipa. Basi mdogo wangu akashuka mtaani kutafuta vijana wanne, elfu 7 kila mmoja, na walikuwa na nguvu ila haraka kama wanakimbizwa. Kabati wamelishusha bila kulifungua, ngazi ya pili likagonga ukuta na bawaba moja ikang'oka na kipande cha ubao wake, na hizi mbao za MDF, za unga wa mbao uliogandamizwa, skrubu ikishatoka hivo hairudi tena. Friji wakailaza chali. Kitanda cha sita kwa sita angalau walikifungua, bolti zote nikazitia kwenye kopo la Blue Band, dereva akasema lete niweke huku mbele zisipotee. Kumbukeni hilo kopo.

Saa saba kasoro bodi bado lina nafasi na juu nimebakiza magodoro, vyombo, mtungi wa gesi na maua yangu, jamaa anawasha gari. Ana kazi nyingine saa tisa. Akaondoka na mdogo wangu pembeni yake, mi nimebaki ngazini na ndoo.

Hapo ndo nikaenda kijiweni kwenye vile vi-Suzuki Carry, ndo kirikuu zenyewe, nikamkuta mzee mmoja anakunywa kahawa. Shikamoo, marahaba binti, nikamweleza. Hakutaja bei! Akapanda mwenyewe mpaka gorofa ya tatu kuangalia mzigo, akagusa mtungi kama una gesi, akauliza kule unakoenda gari inafika mlangoni au kuna mchanga, mvua ilinyesha lini, getini wanafungua saa ngapi. Ndo akasema elfu 65, toll ya daraja humohumo, na kijana wake anabeba.

Sasa kirikuu mnavyoijua ni kidogo. Mzee ananiambia Mjapani ameviunda vibeba kilo 350, sisi tunavipakia mpaka vinachuchumaa. Upana wa bodi haufiki hata futi tano, kwa hiyo godoro la sita kwa sita halilali chini, akayasimamisha yote mawili upande wa dereva kama ukuta, vyombo akaviegemeza humo katikati akivitenganisha na mablanketi yake ya zamani, mtungi ukasimama kwenye kona na kufungwa kamba peke yake, maua ndo yakawa ya mwisho. Juu turubai. Nikaona anaringa tu, jua linawaka. Tulipopita Tazara mvua ikashuka, na hata mto mmoja haukulowa.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu kiti cha abiria hakirudi nyuma, magoti yangu yamelalia dashibodi kuanzia Sinza mpaka Kibada, na mlango wangu unafunguliwa kwa nje tu.

Wakati tuko Uhasibu yule wa Canter ananipigia, yuko darajani, nimtumie hela ya toll. Nikatuma, nifanyeje, sofa zangu anazo yeye. Kufika Kibada nakuta sofa, friji na kabati viko pembeni ya barabara karibu mita 200 kutoka kwangu, mdogo wangu amejikunyata chini ya meza ya kulia chakula, mvua inamalizikia. Gari iligoma kuingia mchangani, jamaa kashusha na kuondoka. Yule mzee hakusema neno, akashusha mzigo wangu, akarudi na kirikuu tupu akasomba vile vitu kwa tripu tatu, kwenye mchanga uleule, kagari kepesi kanapita tu. Nikamwongezea elfu 15, akakataa akachukua kumi. Akauliza friji ililazwa? Nikasema ndio. "Usiichomeke leo, isimamishe mpaka kesho, oili irudi kwenye kompresa." Nimeichomeka Jumapili mchana, inagandisha vizuri.

Kampuni nimewapa nyota mbili badala ya moja kwa sababu tivii ilifika salama, ingawa tivii aliipakata mdogo wangu.

Leo Alhamisi bado tunalala godoro chini. Kopo la Blue Band liko kwenye Canter. Nimepiga juzi, jana na leo asubuhi, wanasema dereva yuko njiani analeta.