Filta ya baipasi kwenye Fuso: filta haina shida, shida ni ile ritani waliyoipeleka kwenye turbo

Wakuu, naandika hasira haijaisha kwa hiyo mtanivumilia. Kuna gereji moja hapa Dodoma, jina nalihifadhi, wanauza zile filta za baipasi za oili na kukufungia hapo hapo. Inachuja mikroni ngapi sijui nini, hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nina ugomvi na mpira mmoja tu, wa ritani, yaani wa kurudishia oili, ambao nusura uniulie turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa.

Kwa asiyeijua hii kitu, inaiba oili kidogo yenye presha, mara nyingi pale kwenye swichi ya presha, inaipitisha kwenye katundu ka kama milimita 1.5 ili isikunyonye presha yote ukiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, inakamata masizi ambayo filta yako kubwa inayaacha yapite, halafu oili inarudi sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenda kuna presha ya injini. Kurudi hakuna kitu, inadondoka tu yenyewe, ndiyo maana inakorudi lazima pawe wazi.

Sasa hawa wenzetu wakachukua bomba la kushushia oili ya turbo, wakalichomelea tii, kiungo cha njia tatu, ritani ikaingizwa humo. Nikamuuliza fundi, kaka hapo hapatazidiwa? Hata kichwa hakutoa chini ya kebini, "Mzee, oili inarudi kwa oili, wasiwasi wa nini?" Nikalipa, na hela yenyewe haikuwa ndogo.

Mwanzoni poa, niseme ukweli. Nimebeba mahindi ya Kibaigwa, nimeshuka Morogoro na kurudi, gari tulivu. Halafu kipindi kile cha joto kali kabla ya mvua nimepakia saruji ya kupeleka Singida, nimeipita Bahi, nimeipita Kintinku, naanza tu kuupanda mlima wa Saranda gari likaanza kutoa moshi wa bluu, sio moshi wa kuuliza uliza, utingo katoa kichwa dirishani ananiambia "bosi huko nyuma barabara haionekani". Wanaoshuka wananipigia taa. Nikasogea pembeni, tukaweka mawe kwenye matairi, nikafungua mpira wa intakula, ile inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia injini, nikatia kidole, kikatoka kinachuruzika oili mpaka kwenye kiganja. Intakula! Pale panatakiwa upite upepo tu.

Mnajua hapo ingekuwaje? Dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe inaweza kuvuma mpaka ipasuke, unazima swichi na yenyewe haizimi. Na nyuma yangu kuna mabasi.

Akaja fundi mmoja mzee kutoka Manyoni, kaletwa na bodaboda, mfuko wa spana begani. Alipoiona ile tii akacheka, sio kwa dharau, akaniambia mwanangu, oili ikitoka turbo inatoka na povu, inataka bomba pana lenye nafasi ishuke, ukiijazia nyingine njiani inakosa pa kwenda, inarudi juu inapita kwenye sili za turbo. Akaiziba tii kwa boliti na klipu mbili, upande wa kwenda nao akauziba, tukasafisha mipira, tukaupanda mlima taratibu.

Kurudi Dodoma nikaenda moja kwa moja kwa jamaa. Mwenye gereji namkuta kakaa kwenye tairi anachokonoa meno na kijiti, hata kunikaribisha hakuna. "Turbo yako ilikuja imechoka. Sisi hatufungi turbo, tunafunga filta." Nikamwambia twende basi ukaangalie. Akaniuliza wewe ni dereva au mwenye gari? Nikasema vyote viwili. "Basi kama mwenye gari lete risiti, kama dereva nenda kaendeshe." Mafundi wake wakacheka. Mtu nimemlipa hela yangu, jamani.

Nikapeleka kwa fundi mwingine Kizota. Huyu akanipa njia zote za kurudishia oili. Kwenye mfuniko wa kujazia oili ni rahisi, ila kila ukiongeza oili unahangaika na mpira unaning'inia, na utingo wangu namjua. Kwenye boliti ya kumwagia chini inafanya kazi ila jiwe moja la njia ya vumbi likigonga, oili yote iko barabarani. Tukaamua ubavuni mwa sampo, juu ya usawa wa oili, sampo ikashushwa kwanza, hakuna kutoboa ikiwa imefungwa maana vyuma vitabaki ndani. Mpira wa oili wenye nyuzi, mnene kuliko wa kwenda, unashuka moja kwa moja bila kufanya tumbo, mbali na ekzosi. Kabla ya kuufunga akauelekeza kwenye chupa gari likiwa sailensi, oili ikatoka kauzi kembamba kasichokatika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Moshi umekwisha. Turbo ni ile ile, "iliyochoka", inapanda Saranda na mzigo. Sasa ilichoka wapi?

Nilikuwa nataka niandike msinunue kabisa. Lakini filta yenyewe sina neno nayo, presha haijashuka, na oili naona inakawia kuwa nzito kama zamani, ingawa kwa macho tu huwezi kuapa. Nyota nne kwa filta. Kwa gereji sifuri, na kama kuna chini ya sifuri wape hiyo. Hapana, hata filta nampa tatu, maana boksi halina hata mstari mmoja unaokataza kurudishia kwenye turbo.

Tatizo elementi ya kubadilishia hapa mjini nimeiona kwao tu. Mimi mguu wangu hapo haukanyagi tena. Nitamtuma utingo.