EFS au seva yenu wenyewe ya NFS?

Tuseme mna studio ya picha Milimani, Kisumu, na seva tatu za wingu zinazosoma faili zilezile. Ndani ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, mna njia mbili: kukodi EFS, hifadhi ya faili ya pamoja inayoendeshwa na AWS yenyewe, au kuwasha seva moja, kuipachika diski ya EBS (diski ya kukodi ya AWS), kisha kuwagawia wenzake faili zake kwa NFS, itifaki ya kushiriki faili kwenye mtandao.

EFS haikuulizi ukubwa. Hupanuka na kupungua kadiri faili zinavyoingia na kutoka, nawe hulipia kilichomo. Aina yake ya kikanda hutunza data katika vituo vya data zaidi ya kimoja. Wengi hukwama kwenye kuunganisha: unaandika amri ya mount, inaganda, kimya. Mara nyingi ni mlango 2049 wa mtandao, ambao NFS hupitia, haujafunguliwa kwenye kundi la usalama, yaani kanuni za AWS za nani aruhusiwe kuingia. Tazama hapo kabla hujalaumu intaneti ya Kisumu. Seva na EFS zikiwa kwenye vituo vya AWS vya Cape Town, zinaongea zenyewe hukohuko, si kupitia modemu yako.

EBS ni nafuu zaidi kwa kila gigabaiti, lakini gigabaiti 500 ulizotenga utazilipia hata kama 400 ni tupu. Kuikuza inawezekana, kuipunguza haiwezekani. Na ile seva moja ikianguka usiku wa Jumamosi, zote tatu zinakosa picha, na wa kuamka ni wewe.

Mimi ningechukua EFS, na picha za harusi za mwaka juzi ningezishusha kwenye daraja lake la bei nafuu la faili zisizoguswa sana.