Safari ya kuvua kwa flai: hela yako uipeleke wapi kwanza, Nyeri, Watamu, Mnyera au Seychelles?

Wakuu, kuna swali halikauki: nimeweka akiba, nataka safari ya kuvua kwa flai, niende wapi? Na majibu mengi ni ya picha tu, mtu kaona kolekole jitu la Seychelles kwenye simu basi anakwambia nenda Seychelles, hakwambii kwamba wiki moja kule inakula hela ya kiwanja. Hapa nimepanga kwa kigezo kimoja: kwa hela unayotoa, una nafasi gani ya kumgusa samaki uliyemfuata. Uzuri wa loji sijauhesabu, shuka nyeupe hata mjini zipo.

Kwa wageni kwanza. Flai ni nzi bandia, manyoya na uzi vimefungwa kwenye ndoano, hana uzito kabisa, uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ndo maana fimbo zake zina namba kufuata uzito wa mshipi. Namba 5 ni ya trauti, namba 8 na 9 ni ya taigafishi (samaki wa mtoni mwenye meno makali) na bonifishi (wa maji mafupi ya bahari), namba 12 ni ya kolekole wakubwa na sulisuli. Ukianza kwa kununua namba 12 kisa umeona ofa umejifunga, maana mtoni huko milimani utakuwa unapiga mbu kwa nyundo.

NAMBA 1: Trauti, Aberdare na Mlima Kenya

Mimi Mtanzania na inaniuma kidogo kuandika hivi lakini ukweli usemwe, kwa mtu wa kawaida hakuna safari inayolipa kama hii. Trauti si wa kwetu, walowezi ndo walimleta, Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland mwaka 1905 akayaweka mto Gura, baadae wakaletwa na wale wa upinde wa mvua, na hao ndo utakaowakuta zaidi leo. Wameshika kwa sababu maji ya huko juu ni baridi na yana mawe na hewa nyingi, ukishuka chini yakapata joto trauti wanaisha.

Ukitoka Nairobi alfajiri, saa nne asubuhi uko Nyeri, na kuanzia hapo mito imekuzunguka: Gura, Chania, Ragati, Thego, Sagana, ukivuka kuelekea Nanyuki kuna Burguret na Naro Moru. Usitegemee majitu. Mtoni samaki wengi ni robo kilo, nusu kilo ukibahatika, ila wanakula, siku ya kwanza tu mtu aliyejifunza kurusha wiki iliyopita anaweza kumpata wake. Msitu umefunga nyuma yako kwaiyo kile kirusho kirefu cha kwenye video kisahau, unauzungusha mshipi juu ya maji mbele yako, mfupi mfupi, flai ndogo za Pheasant Tail na Woolly Bugger zinatosha kabisa.

Ukitaka wakubwa panda kwenye maziwa ya Mlima Kenya, Rutundu, Ellis, Alice. Rutundu iko juu ya mita 3,000, baridi yake usiku si ya mchezo, alafu Alice unaitembelea kwa miguu, lakini trauti wa kilo mbili kwenda juu wanatoka huko.

Gharama ambazo watu wanazisahau: leseni ya uvuvi ni kitu kimoja na kiingilio cha hifadhi ni kingine, na ndani ya hifadhi unahitaji askari mwenye bunduki kwa sababu nyati wa Aberdare hajui kwamba umekuja kupumzika. Ulizia bei mpya kabla, zinabadilika. Nenda Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ile Machi mpaka Mei mvua za masika zinaleta maji ya kahawia kama chai ya maziwa na hela yako inaondoka nayo.

(Wa Bongo wanaotaka kujaribu mkono tu bila kuvuka mpaka, Mufindi kuna loji yenye mabwawa ya trauti kwenye yale mashamba ya chai. Ni bwawa, si mto, lakini kwa kujifunza panafaa.)

NAMBA 2: Sulisuli, Watamu na Malindi

Hii nimeipa nafasi ya pili kwa sababu ya hesabu ya kugawana. Boti ni moja, mkiwa watu watatu wanne bei inashuka mpaka inaongeleka, na sulisuli wa pwani ya Kenya wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, ni wengi kweli. Lakini sikiliza, mnagawana hela na zamu pia mnagawana, kwa flai anarusha mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, kwaiyo watano kwenye boti moja ni kwamba wanne wanaangalia bahari.

Inavyofanyika ni hivi, wanaburuta chambo kisicho na ndoano nyuma ya boti, sulisuli anakuja amekasirika amewaka rangi, baharia anakivuta karibu karibu, nahodha anatoa gia boti inatulia, chambo kinanyanyuliwa na wewe unadondosha flai palepale. Ni sekunde chache na inahitaji watu waliozoeana, ndo maana swali la kwanza kwa mwenye boti liwe nahodha wake ameshafanya kazi ya flai au anajua kuburuta tu. Boti nyingi zimezoea kuburuta. Akianza kujing'ata ng'ata tafuta nyingine.

Sulisuli wasipotokea, jodari, felusi na kolekole hawakosekani. Sulisuli wenyewe wanaachiwa, wengi wanawekewa alama kwanza, ule utaratibu wa African Billfish Foundation ya hapo hapo Watamu. Na ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizopo tangu 1968, huvui kitu, usidanganywe na kijana wa ufukweni.

NAMBA 3: Taigafishi, Mnyera na Ruhudji

Sasa hapa ndo nyumbani, na kama kigezo kingekuwa ubora wa samaki peke yake ingekuwa namba moja bila ubishi. Mito hii miwili inaingia bonde la Kilombero, maji yake yanaishia Rufiji, na taigafishi wa huku, Hydrocynus tanzaniae, wanasayansi walimpa jina lake mwaka 1986 na duniani hayupo nje ya Tanzania. Wavuvi wanatoka Afrika Kusini na Ulaya, wanapita Dar bila hata kulala, wanapanda kindege mpaka porini, maana taigafishi wa kilo nne na nusu huku ni wa kawaida na wa kilo tisa si hadithi ya kahawani.

Tatizo ni bei. Ni maelfu ya dola kwa wiki, na ukijumlisha ndege ya kukodi ndo kabisa. Nafasi ni chache, msimu ni mfupi, Agosti mwishoni mpaka mwanzo wa Desemba maji yakiwa chini. Kwenye fimbo namba 9 unafunga waya mbele ya flai, bila waya anaondoka na kila kitu, na mdomo wake ni mfupa mtupu, kwaiyo akigonga usinyanyue fimbo juu kama wa trauti, vuta mshipi kwa mkono kwa nguvu. Hata hivo wengi wanachomoka. Kuogelea usiwaze, mamba na viboko wamejaa.

Anayetaka taigafishi kwa bei nafuu aangalie Zambezi upande wa Zambia, ni aina nyingine, na kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi Zambia unafungwa, usije ukakata tiketi ya Krismasi.

NAMBA 4: Oman ya kusini

Hii ni kwa wale wenye ndugu Muscat, na najua mpo wengi. Pwani ya Dhofar, kuanzia Mirbat kwenda Hasik, kuna pamiti, samaki mwenye macho makali na moyo wa uoga, unamwona kwenye mawimbi ya ufukweni, unamrushia vizuri na anakukataa. Wiki nzima bila samaki inawezekana kabisa. Ila gari la fowili na mwongozaji wa siku mbili tatu si bei ya Seychelles. Epuka kipindi cha Khareef, yaani msimu wa pepo za kusi, Juni hadi Septemba, bahari inachafuka.

NAMBA 5: Seychelles

Samaki wapo, hilo halina mjadala. Kisiwa cha St François kina bonifishi kila upande, visiwa vya Cosmoledo vina kolekole wakubwa wanaovunja fimbo, kuna mwatiko, kuna vikande wakorofi. Lakini Cosmoledo inapita dola elfu kumi kwa wiki kabla hujafika Mahé, kisiwa kikuu, nafasi zinanunuliwa mapema sana, na ukifika hujui kurusha kwenye upepo umelipia kutazama. Jifunze kwanza kwingine.

MWISHO WA FOLENI: Sangara, Murchison Falls

Uganda nzuri, sangara wa Nile ni mkubwa ajabu, ila kwa flai ni biashara mbaya, kwenye yale maji yenye nguvu anapatikana zaidi kwa samaki bandia wa plastiki au chambo hai. Ukienda, nenda na rodi ya kawaida.

Kabla ya kulipa kianzio popote, pata kwa maandishi vitu vitatu: leseni iko ndani ya bei au nje, fimbo na flai ni zao au zako, na mto ukichafuka kwa mvua wanakurudishia hela, wanakusogezea tarehe, au ndo imeenda hivo.