Mahindi chotara ya TEGO kwa tambarare ya Moshi: ukame yanaumudu, magadi hapana

Kwa mkulima wa Kahe, Mabogini au Njiapanda anayetafuta mbegu ya ukame kabla ya masika, mahindi chotara ya TEGO, yale yenye herufi WE na namba kwenye kifuko, ni chaguo zuri. Ila ujue unanunua kinga ya kitu gani.

Kwanza, hii si GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa jeni maabara. Mbegu hizi zilitokana na WEMA, mradi wa mahindi ya ukame kwa Afrika ulioanza 2008, kwa kupandisha wazazi teule kwa njia ya kawaida. Mahindi ya mradi huohuo yaliyotiwa jeni ya cspB kutoka kwa bakteria Bacillus subtilis yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na hayakufika dukani.

Nguvu ya mbegu hii iko wakati wa kuchanua. Hindi la kawaida likikosa maji wiki hiyo, mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa kutoka. Zikichelewa siku saba au nane, chavua imeshakwisha na gunzi linabaki na punje za kuhesabika. Watafiti wa mahindi ya ukame huchagua wazazi ambao ndevu zao haziachwi nyuma. Hapo hakuna jeni moja ya ajabu; ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Baadhi huitikia ABA, homoni ambayo mmea huitoa ukikosa maji, kwa kufunga vitundu vya majani. Nyingine, za familia ya DREB, huamsha jeni nyingine. Nyingine hutengeneza protini za LEA, zinazokinga protini nyingine zisigandane seli inapokauka. Hata hivyo mvua ikikatika mwezi mzima, utavuna mabua.

Sasa chumvi. Hapa wengi huumia, kwa sababu shamba la magadi nalo huonekana limekauka. Chumvi huzuia mzizi kunywa, kisha sodiamu hupanda hadi kwenye majani na kuyaunguza kuanzia ncha. Mmea hujitetea kwa protini za aina nyingine: SOS1 huisukuma sodiamu nje ya mzizi, NHX huifungia ndani ya vakuoli (mfuko mdogo ndani ya seli), HKT1 huinyofoa kwenye mishipa ya maji kabla haijafika jani. Watafiti wa mbegu za mpunga wameifuata HKT kwa makusudi, kupitia Saltol, kipande cha kromosomu kilichotoka kwenye mpunga wa Pokkali wa India. Mbegu ya TEGO haikuchaguliwa kwa ajili hiyo, na kifuko kingemsaidia sana mkulima kama kingelisema hilo waziwazi.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Chukua gramu 20 za udongo mkavu uliopondwa, tia mililita 100 za maji ya betri (yale ya kuongezea, siyo tindikali), tikisa kwa dakika kadhaa, acha utuame, kisha tumbukiza kipima chumvi kinachosoma kwa dS/m (kipimo cha ukali wa chumvi). Kwa udongo wa tifutifu zidisha namba kwa takribani 9. Mahindi huanza kupoteza mavuno chumvi ikipita 1.7 dS/m, kama asilimia 12 kwa kila dS/m inayoongezeka. Ukisoma 0.3, una 2.7: umepoteza asilimia 12, bado inavumilika. Ukisoma 0.5, una 4.5: theluthi ya mavuno imeondoka hata mvua ikinyesha vizuri. Sehemu hiyo panda mtama, ambao huvumilia hadi 6.8.

Penye sodiamu nyingi, udongo ukigeuka sementi baada ya mvua, jasi husaidia, na inachimbwa jirani tu, Makanya wilayani Same. Kalsiamu yake huing'oa sodiamu, lakini bila mfereji wa kutolea maji sodiamu hiyo haina pa kwenda.

Kwenye kupanda, tumia sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Kilo 8 kwa ekari zinatosha. Mbolea ya kupandia ikae sentimita 5 pembeni ya mbegu, maana nayo ni chumvi: ikigusa mbegu kwenye udongo mkavu, chipukizi hufa kabla hakijatoka, na lawama humwangukia muuza mbegu bure. Kagua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kulipa. Na usirudishe punje za mavuno shambani msimu unaofuata: uchotara hugawanyika, na ndevu huanza tena kuchelewa.