Valhalla Supermassive: rivabu ya bure iliyotuweka sawa kwenye shindano

Natengeneza singeli Manzese kwa laptop ya mtumba, RAM GB 4. Mwezi uliopita niliingia shindano la biti ambalo kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: plagini (programu ndogo za kuongeza ndani ya programu ya muziki) za bure tu, na kila mtu akabidhi projekti nzima, yaani faili la kazi lenye ala na mipangilio yote, siyo wav, faili la sauti iliyokamilika, peke yake. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi sana. Shindano la kabla ya hapo lilikuwa ruksa kutumia chochote, tukaleta kazi zilizojaa plagini za kuiba, na kwenye kompyuta ya majaji plagini nyingi hazikufunguka. Biti yangu ilisikika kavu kabisa, bila rivabu (mvumo kama wa ukumbi mkubwa) wala diley (mwangwi unaojirudia).

Safari hii niliegemea Supermassive, plagini ya rivabu na diley kutoka Valhalla. Ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2020, kwa Windows na Mac. Vitufe ni vichache: Mix, Delay, Warp, Feedback, Density, na modi zenye majina ya angani. Density ikiwa chini unasikia mwangwi mmoja mmoja. Ipandishe, inayeyuka kuwa rivabu nzito.

Ila singeli ina kasi. Biti yangu ilikuwa mapigo 220 kwa dakika, pigo moja halifiki hata theluthi ya sekunde. Nilianza na modi ya Andromeda kwenye kinanda: noti imeshapita, mkia wa rivabu ndiyo kwanza unafika, ngoma zote zikazama. Nikahamia Gemini, inayoitika upesi na kuisha mapema. Low Cut, inayokata sauti nzito za chini, nikaipandisha mpaka hezi 400, Mix asilimia 18, nikaiweka kwenye sauti ya MC tu. Ngoma zikarudi mbele, MC akasikika kama yuko uwanjani usiku.

Nikifungua nne kwa pamoja laptop yangu inakwama, kwa hiyo weka moja kwenye send, njia ya pamoja ambayo ala kadhaa zinapelekewa sauti, itoshe.

Kanuni nayo bado ina tundu. Kijana mwenye toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, anaweza kusevu projekti lakini hawezi kuifungua tena kuirekebisha. Huyo apokelewe na wav za kila ala, na orodha ya plagini alizotumia.

Nyota tano naitoa bila kusita. Siku ya fainali jaji alifungua projekti yangu mbele ya watu, kila kitufe pale pale nilipokiacha. Akaizima Supermassive, akaiwasha tena, na ukumbi mzima ukasikia tofauti.